Nairobi–New York: bila kutua, au kupitia Ulaya, Ghuba au Addis Ababa?

Kati ya uwanja wa Jomo Kenyatta (NBO) na uwanja wa John F. Kennedy (JFK) kuna kilomita 11,840 hivi, zikipimwa kwa njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia. Ukikuta tovuti moja imeandika 7,360 na nyingine 6,390, usidhani mojawapo imekosea. Ya kwanza inahesabu maili za nchi kavu, kila moja kilomita 1.609, ya pili inahesabu maili za baharini, za kilomita 1.852, ambazo ndizo marubani hutumia. Umbali ni uleule.

Namba hiyo peke yake haitoshi kuchagulia tiketi. Kazi yake ni kukuonyesha kila njia nyingine inapinda kiasi gani. Kupitia Paris kunaongeza kilomita 500 tu. Kupitia Dubai kunaongeza zaidi ya 2,700. Hata hivyo zile 500 za Paris huzaa saa nne au tano za ziada, kwa sababu kinachokula muda si kilomita bali kushuka, kusubiri na kupaa upya.

| Njia | Kilomita | Saa za kuruka, kwenda | Saa za kuruka, kurudi | Jumla ya kwenda, kama kusubiri ni kufupi |
|---|---|---|---|---|
| Bila kutua | 11,840 | 15 | 14 | 15 |
| Paris | 12,340 | 17 | 15.5 | 19–20 |
| London | 12,390 | 17 | 15.5 | 19–20 |
| Amsterdam | 12,540 | 17 | 15.5 | 19–20 |
| Addis Ababa na Lomé (Togo), hadi Newark, uwanja jirani na New York | 13,650 | 19 | 17–18 | 22–23 |
| Doha | 14,130 | 19 | 17.5 | 21–22 |
| Dubai | 14,560 | 19.5 | 17.5 | 22–23 |

Saa hizi ni za ratiba, kwa makadirio: zinaanza ndege inaposukumwa kutoka getini na kuisha inaposimama geti la mwisho. Kusubiri kufupi hapa ni saa mbili hadi tatu. Tiketi nyingi zinazoonekana rahisi kwenye tovuti zina kusubiri kwa saa saba, kumi na moja, hata usiku mzima, na hapo safu ya mwisho haina maana tena.

Kwa nini saa 15 kwenda na 14 kurudi

Ukitaka kukadiria muda wa safari yoyote ndefu, gawa kilomita kwa 850 kisha ongeza nusu saa ya kutembea ardhini, kupanda na kushuka. Kwa 11,840 unapata saa 14 na dakika 25 hivi. Upepo ndio unaosogeza jibu upande mmoja au mwingine. Juu ya Sahara na Atlantiki ya Kaskazini, kwenye kimo ambacho ndege kubwa huruka, kuna mikondo ya upepo mkali inayotoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda New York anapambana nayo, anayerudi anasukumwa nayo. Miezi ya Desemba hadi Februari mikondo hiyo huwa na nguvu zaidi, kwa hiyo safari ya kwenda hurefuka wakati huo.

Anga zilizofungwa nazo huchangia. Mstari mfupi wa Nairobi–JFK unapita Sudani Kusini, Chad, Niger, Algeria na Morocco kabla ya kuingia baharini. Niger ilipofunga anga yake Agosti 2023 baada ya mapinduzi, ndege zilizozoea kupita hapo zililazimika kuizunguka hadi ilipofunguliwa Septemba. Njia za Ulaya zimeumia zaidi: mstari wa Nairobi–Amsterdam unapita katikati ya Sudani, na tangu vita vilipozuka huko Aprili 2023 ndege za abiria zimekuwa zikiikwepa anga hiyo. Ndiyo maana ratiba ya miaka ya nyuma inaweza kuonyesha muda mfupi kuliko wa sasa kwa safari ileile.

Bila kutua

Shirika linaloruka bila kutua kati ya viwanja hivi viwili ni Kenya Airways. Njia ilifunguka baada ya mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani kuipa Kenya daraja la kwanza la usalama Februari 2017, na ndege ya kwanza iliondoka 28 Oktoba 2018. Inatumika Boeing 787-8, yenye viti 30 vya daraja la juu na 204 vya kawaida.

Mtengenezaji anasema ndege hii inafika zaidi ya kilomita 13,500, kwa hiyo 11,840 ingeonekana kuwa kazi nyepesi. Ugumu uko kwenye kupaa. Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi: injini hupata msukumo mdogo na mabawa hubeba kidogo, kwa hiyo ndege inahitaji mwendo mkubwa zaidi na barabara ndefu zaidi ili iinuke. Barabara ya kurukia ina mita 4,100 na ushee, na bado ndege haiwezi sikuzote kupaa na uzito wake wa juu kabisa, tani 228 hivi. Mafuta ya saa 15 hayapunguziki, maana injini zinakula takriban tani tano kwa saa. Kinachopunguzwa ni shehena, na wakati mwingine viti vinavyouzwa. Kuondoka karibu na saa sita usiku kunasaidia, kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito kuliko ya mchana. JFK iko karibu usawa wa bahari, na upepo unasukuma kutoka nyuma, kwa hiyo safari ya kurudi haina tatizo hilo.

Jambo hili linamgusa abiria moja kwa moja. Kwenye safari ya kwenda, usitegemee kulipia begi la ziada kaunta siku ileile. Linunue mapema, au likikataliwa ujue sababu.

Faida kubwa ya njia hii si saa nne unazookoa peke yake. Ni kwamba hakuna ndege ya pili ya kukosa, hakuna begi la kupotelea njiani, hakuna viza ya kupita. Kwa mzazi mwenye watoto wadogo, mtu mzima anayesindikizwa kwa kiti cha magurudumu, au anayepanda ndege kwa mara ya kwanza, njia hii inastahili kulipiwa zaidi. Kabini ya 787 pia hushikilia mgandamizo wa hewa sawa na kimo cha mita 1,800, wakati ndege za zamani zaidi hufika 2,400, na tofauti hiyo husaidia kupunguza maumivu ya kichwa na uchovu. Lakini saa 15 kwenye kiti kimoja si mchezo kwa miguu. Aliyewahi kuganda damu mguuni, mjamzito wa miezi ya mwisho, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni azungumze na daktari kwanza. Kwake, kusimama katikati ya safari kunaweza kuwa bora.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba ina shirika moja, na idadi ya safari kwa wiki hubadilika kwa msimu. Ndege ikiharibika, huenda mbadala wa bila kutua ukapatikana kesho yake au keshokutwa. Wengi hapo huhamishiwa njia ya Ulaya au Ghuba, na ndipo maswali ya viza ya kupita yanapoibuka ghafla kwa mtu ambaye hakuyatarajia.

Kupitia Ulaya

Hii ndiyo njia iliyonyooka zaidi baada ya ile ya bila kutua. Kipande cha kwanza ni saa nane na nusu au tisa, cha pili saa nane na kidogo. Safari imegawanyika karibu nusu kwa nusu, na hilo ni jema kwa anayetaka kunyoosha miguu. Kwa usingizi si zuri sana: ndege ya usiku inakufikisha Ulaya alfajiri, kisha unakaa macho mchana kutwa unaorefuka kwa sababu unalifukuza jua kuelekea magharibi.

Viza ndiyo ya kuangalia kwanza. Uingereza inawataka raia wa Kenya na wa Tanzania wawe na viza ya kupita hata wakibaki ndani ya uwanja, isipokuwa walio na sababu ya msamaha. Viza halali ya Marekani ni mojawapo. Kwa hiyo anayekwenda New York na viza yake mkononi kwa kawaida hapati shida. Anayerudi baada ya viza hiyo kwisha muda ndiye hukwama, na wengi hawalifikirii hilo siku ya kununua tiketi ya kwenda na kurudi. Kwa nchi za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ufaransa na Uholanzi zikiwemo, orodha ya pamoja ya wanaohitaji viza ya kupita uwanjani haina Kenya, Tanzania wala Uganda, lakini ina Kongo (DRC), Somalia na Ethiopia, na kila nchi inaweza kuongeza majina yake. Angalia ukurasa wa ubalozi wa nchi husika kwa tarehe zote mbili, ya kwenda na ya kurudi.

Kati ya miji mitatu, Amsterdam ndiyo rahisi kwa kuunganisha, kwa sababu uwanja mzima uko chini ya paa moja. Saa mbili zinatosha ndege ikifika kwa wakati. London inategemea jengo: ukifika jengo la 5 na kuondokea hapohapo, saa mbili zinakubalika, ukilazimika kupanda basi kutoka jengo la 4 kwenda la 3 au la 5, na kupita ukaguzi upya, usichukue tiketi yenye chini ya saa tatu. Mashirika huuza miunganiko mifupi kuliko hiyo, nayo ni halali, lakini imepangwa kwa siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa.

Kumbuka pia kwamba ndege za Marekani zina ukaguzi wa ziada karibu na geti: maswali, hati kutazamwa upya, wakati mwingine mabegi kufunguliwa. Saa ya kupanda iliyoandikwa kwenye pasi ndiyo saa ya kuwa umeshafika getini. Na jambo ambalo huwapata wengi wetu: vitu vya unga kwenye begi la mkononi vinavyofikia mililita 350 au zaidi vinaweza kukaguliwa upya au kuzuiwa kwenye ndege ya kuingia Marekani. Unga wa uji, pilipili ya kusaga na viungo vya pilau viweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege.

Kupitia Doha au Dubai

Kwenye ramani njia hii inaonekana ya ajabu, kwa kuwa unaanza kwa kwenda kaskazini-mashariki ili ufike magharibi. Kipande cha kwanza ni saa tano, cha pili saa 14, nacho karibu ni kirefu sawa na safari ya bila kutua. Anayechagua Ghuba ili akwepe ndege ndefu hajaikwepa. Amejiongezea saa tano mbele yake.

Bado ina sababu zake. Kuna safari kadhaa kwa siku kutoka Nairobi, kwa hiyo ukikosa moja hungoji siku mbili. Viwanja vyote viwili vimejengwa kwa ajili ya watu wanaopita, na kwa anayebaki ndani ya uwanja karatasi ni chache. Bei mara nyingi huwa chini, hasa ukikubali kusubiri kwa muda mrefu. Kusubiri kwa saa tisa hadi kumi na mbili ndiko kubaya kuliko kote: ni kurefu mno kukaa kwenye benchi na kufupi mno kwenda mjini kwa utulivu. Uliza shirika, kabla ya kulipa, kama tiketi hiyo inakupa hoteli. Kwa baadhi ya madaraja ya bei hutolewa, kwa mengine hapana, na baada ya kulipa hakuna wa kukubadilishia.

Hatari ya njia hii ni siasa za eneo lenyewe. Tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa, ndege zikageuzwa angani na maelfu ya abiria wakabaki viwanjani. Kabla ya kununua, soma hali ya wiki hiyo.

Kupitia Addis Ababa

Uwanja wa Addis Ababa uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, kwa hiyo tatizo la kupaa la Nairobi huko ni kubwa zaidi. Ndiyo sababu Ethiopian Airlines imekuwa ikiruka kwenda Newark kwa kutua Lomé, Togo. Kwenye mifumo ya tiketi, ndege inayotua njiani na kuendelea kwa namba ileile inaweza kuonyeshwa kama safari ya moja kwa moja. Tafuta maneno "bila kutua" au idadi ya vituo. Usiridhike na namba moja ya ndege. Newark yenyewe iko jimbo la New Jersey: ni karibu kwa anayeishi upande huo wa Mto Hudson, na ni usumbufu kwa anayekwenda Queens au Brooklyn.

Kama New York si mwisho wa safari

Hapa hesabu yote inageuka. Mtu anayeingia Marekani hupita uhamiaji na forodha kwenye uwanja wa kwanza anaotua. Ukitua JFK na kuendelea Dallas au Minneapolis, unapanga foleni, unachukua mabegi yako, unayapitisha forodha, unayarudisha kwa shirika, kisha unakaguliwa tena. Tenga saa tatu angalau, na nne kama unabadilisha jengo. Ongeza safari ya ndani ya saa tatu au nne, na ile faida ya kuruka bila kutua imekwisha.

Kwa hiyo anayekwenda Minneapolis aangalie kwanza Amsterdam, ambako kuna ndege ya kwenda huko bila kutua. Anayekwenda Dallas au Houston aangalie Doha na Dubai. Wa Seattle, vivyo hivyo. Kituo kimoja nje ya Marekani, ambako begi linahamishwa bila wewe kuligusa, ni bora kuliko kituo kimoja JFK ambako unalibeba mwenyewe. Kwa Boston, Washington au Philadelphia, JFK bado inafaa, na Philadelphia unaweza hata kwenda kwa treni au basi.

Anayetoka Dar es Salaam naye ana hesabu yake. Nairobi ni kituo chake cha kwanza: saa moja na robo hivi angani, kusubiri saa mbili na nusu, kisha saa 15. Jumla ni kama saa 19, dhidi ya 22 hivi kupitia Doha. Nairobi inashinda, mradi vipande vyote viwili viwe kwenye tiketi moja.

Kusoma saa kwenye tiketi

Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Nairobi haibadilishi saa; New York hubadilisha. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, New York iko nyuma kwa saa 7. Miezi mingine, kwa saa 8. Ili kupata muda halisi, geuza saa ya kufika iwe ya Nairobi kwanza. Mfano wa majira ya baridi: kuondoka 23:25, kufika 06:25 kesho yake. Ongeza 8 kwenye 06:25, unapata 14:25 ya Nairobi. Kutoka 23:25 hadi 14:25 ni saa 15.

Ulaya hubadilisha saa zake Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, si siku moja na Marekani. Katikati ya Machi kwa wiki mbili au tatu, na wiki moja kuelekea Novemba, tofauti ya saa kati ya mabara husogea. Muunganiko wa saa mbili na nusu unaweza kuwa wa saa moja na nusu bila ndege kubadilishwa. Ukisafiri wiki hizo, fungua tiketi yako upya siku chache kabla.

Angalia tarehe pia. Ndege ya 00:20 Jumatano inaondoka usiku ambao watu wengi bado wanauita wa Jumanne. Kufika uwanjani Jumatano jioni ni kuchelewa kwa karibu siku nzima. Na kufika JFK asubuhi na mapema kuna bei yake: hoteli nyingi hutoa chumba alasiri, kwa hiyo omba mapema uachiwe angalau kuhifadhi mabegi.

Tiketi moja au mbili

Bei ya chini kabisa mara nyingi hutengenezwa kwa kununua Nairobi–London kwa shirika moja na London–New York kwa jingine, kila moja kivyake. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halidaiwi chochote. Limekuhesabu hukutokea, na mara nyingi hufuta hata kipande cha kurudi. Mabegi nayo huishia kituo cha kati, na ili uyachukue lazima uvuke mpaka, jambo lenye masharti mengine ya viza kuliko kubaki ndani ya uwanja. Tiketi moja, hata kama ina mashirika mawili, inalilazimisha shirika kukutafutia ndege nyingine.

Linganisha pia mzigo kabla ya bei. Kwenda Marekani mabegi huhesabiwa kwa idadi: kilo 23 kila moja, na urefu, upana na kimo visizidi sentimita 158 kwa pamoja. Bei nyepesi za njia ya Ulaya huweza kuwa bila begi lolote la chini, wakati tiketi ya kawaida ya njia nyingine inabeba mawili. Jumlisha begi la kwenda na la kurudi, kisha ndipo uzipange bei.